Kopo la Jumatano

Jumapili, 2 Machi

Leo nimenyang'anywa mlango. Si mlango wa nyumba — mlango wangu mwenyewe, ule wa chumbani uliokuwa unatokea jikoni. Bwana wa afya alisema wiki iliyopita kwamba jiko la biashara haliwezi kupakana na chumba cha kulala kwa mlango, hasa chumba anacholala mzee. Alisema "mzee" kama mtu anavyosema "panya". Leo seremala amekuja na ubao mwembamba, misumari mdomoni, akagonga, kwisha. Sasa nikitaka kwenda jikoni mpaka nizunguke uani kama mgeni.

Nimeugonga ule ubao kwa kidole. Unalia kama debe. Kila kitu nakisikia. Na harufu inapita. Harufu haihitaji kibali.

Binti yangu amefurahi sana na jiko lake. Tangu kiwanda alichokuwa anafanyia kazi kifungwe, na mumewe aende alikokwenda (asirudi), hili jiko ndilo mguu wake wa kusimamia. Kwa hiyo nimenyamaza. Nimenung'unika kidogo tu, ili asidhani naumwa.

Jumatatu, 3 Machi

Yule bwana wa afya, Bwana Kofia, amekuja kukagua. Namwita hivyo kwa sababu anavaa kile kikofia cha wavu cha kuzuia nywele, na kichwani hana unywele hata mmoja wa kuzuia. Alipitisha kidole juu ya kabati. Alinusa kitambaa cha vyombo. Alifungua friji akaitazama kama anayetafuta mtoro.

Akamwambia binti: mama, kila chakula cha kuuza, kabla hakijatoka hapa, chota kidogo, weka kwenye kopo safi, funika, andika siku, weka kwenye friji. Likae siku tatu, mtu asiliguse. Binti akauliza ni la nini. Akasema, hilo kopo ni shahidi wako. Siku mtu akidai umemlisha sumu, yeye atalia na wewe utalia. Kopo halilii. Kopo linasema.

Nikadakia kutoka uani: Na likisema uongo?

Hakucheka. Akaniuliza kama nimepimwa afya. Nikamwambia nimepimwa na dunia maisha yangu yote na majibu bado hayajatoka. Akaandika kitu. Binti akanikanyaga kidole cha mguu.

Kanuni zenyewe ni hizi: asiyepimwa asikanyage jikoni. Kucha fupi. Mnyama asiishi nyumba hii — kwa hiyo paka wangu, Meneja, amehamia kwa jirani yetu, nesi mstaafu. Nesi amesema atamtunza, ila akianza kuiba samaki atajua amefundishwa na nani.

Na kibali ni cha majaribio. Kosa moja, alisema Bwana Kofia, akanyoosha kidole kimoja ili hata mimi wa darasa la nne nielewe. Kosa moja, kufuli.

Jumanne, 4 Machi

Leo nimekufa kidogo.

Binti alinipa kijiko cha mchuzi nionje kupitia dirishani. Ndiyo kazi pekee niliyobakiziwa. Nikaonja. Nikashika koo, nikageuza macho, nikajibwaga kibarazani, ulimi nje. Nilidhani atacheka kama zamani. Akadondosha sufuria. Akatoka mbio, akaniinua kichwa — baba, baba, baba — sauti ile ya utotoni. Nikafungua jicho moja nikasema: Chumvi imepungua.

Hajanisemesha mpaka jioni.

Nesi alisikia yote kutoka kwake. Akaja kwenye ukuta wa ua akaniambia: Mzee mwenzangu, mzaha mzaha hutumbua usaha. Nikamwambia mimi sina jipu. Akasema, litaota.

Jumatano, 5 Machi

Kuku. Tangu asubuhi ni kuku.

Jumatatu na Jumatano binti anapelekea ukumbi wa mafundi wanaoshona sare, wale wa nyuma ya kituo cha mafuta. Ndio wateja wake wakubwa. Leo alikaanga vitunguu vikawa rangi ya dhahabu, nikasikia kuku wanaingia, fshiii, na harufu ikapenya kwenye ubao ikaja kukaa kitandani pamoja nami kama mke. Nikasema Mungu wangu, mimi nimekosa nini.

Halafu nikaletewa langu. Kuku wa daktari. Maji, karoti, hakuna chumvi hata ya kudanganyia, kwa sababu ya presha. Na shingo. Shingo napewa mimi siku zote. Wateja hawawekei shingo, anasema ni kukosa heshima. Baba yake kumwekea ni heshima.

Nilinyonya ile shingo kidogo, nikairudisha. Haikuwa na habari yoyote. Nikalificha bakuli dirishani, nyuma ya redio, nikamwonyesha bakuli jingine tupu la asubuhi. Akasema, hongera baba, leo umekula vizuri. Nikaona aibu. Si nyingi.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemla shahidi.

Naandika nikiwa nimeshiba, na mtu aliyeshiba ana huruma, hata kwake mwenyewe. Binti alikwenda sokoni. Jiko alilifunga kama kanuni inavyosema, na ufunguo wa akiba akauweka chini ya chungu cha maua. Sasa, nani alimfundisha kuweka ufunguo chini ya chungu cha maua, akiwa na magoti yenye vidonda na meno mawili ya mbele hayapo? Ni mimi.

Nilifungua friji. Kopo liko pale, limeandikwa JUMATANO kwa mwandiko wake wa shule. Nilisema nitanusa tu. Nikanusa. Nikasema nitalamba kifuniko. Kifuniko kikanipeleka mbali. Nilikula nimesimama, baridi hivyohivyo, kwa mkono, mchuzi umeganda kama jeli. Paja lile. Chumvi ile. Machozi yalinitoka, na msidhani ni ya toba. (Nasema "msidhani" — nani asidhani? Humu niko peke yangu.)

Kisha kopo tupu likanitazama.

Nikazunguka chumbani, nikachukua bakuli la nyuma ya redio. Kuku ni kuku. Lilikuwa limelala dirishani na jua la asubuhi lilikuwa limeshalipitia. Nzi wawili walikuwa ndani, mmoja yu hai. Lilianza kunuka kidogo, lakini nikasema friji italisahihisha. Nikamimina kwenye kopo, shingo na vyote. Nikafunika. Nikarudisha. Nikafunga mlango, ufunguo chini ya chungu.

Kopo limejaa, tumbo limejaa, binti hana habari. Sijaona aliyedhurika.

Ijumaa, 7 Machi

Msimamizi wa ukumbi wa kushona alipiga simu asubuhi. Nilisikia upande mmoja tu, kupitia ubao. Binti alisema, wangapi? Halafu akasema, wote? Moto wa jiko ulizimwa.

Mafundi wanatapika na kuharisha tangu juzi usiku. Nusu ya ukumbi haikuja kazini jana. Mmoja ni mjamzito, amelazwa, yuko kwenye dripu. Msimamizi anasema walichokula pamoja ni kuku wa hapa.

Kabla ya mchana Bwana Kofia akafika na sanduku la barafu na glavu. Nilikuwa kibarazani. Binti alikuwa amesimama wima kabisa, kama mtu anayepigwa picha. Akamwambia: Lichukue hilo kopo, bwana. Ulisema ni shahidi wangu. Kuku wangu namjua. Nilimwosha, nilimpika mpaka mfupa ukaachia. Liulize.

Binti akalitoa kopo la Jumatano. Bwana Kofia akalizungushia utepe, akaandika juu yake, binti akaandika jina lake chini. Kopo ni la plastiki nyeupe ya kuonyesha ndani. Niliona binti analiangalia, akalisogelea, akakunja uso. Kisha likaingia kwenye barafu.

Na mimi? Ulimi huu unaodakia kila neno la watu, leo ulijificha kama mwizi chini ya kitanda. Nilifungua mdomo. Bwana Kofia akanigeukia: Una la kusema, mzee? Nikasema, njia njema.

Sasa nimelala chali nasikiliza tumbo langu. Nimekula kuku yuleyule, paja zima na mchuzi. Jana mchana. Tumbo linasema ngurr, la kawaida, la kuomba chai.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda choo leo kama kijana. Sijawahi kukishukuru choo namna hii.

Kwa hiyo kuku alikuwa safi. Mimi ndiye ninayejua, mimi na tumbo langu. Shahidi wa kweli yumo humu ndani, na yule aliyebebwa kwenye barafu ni wa bandia, tena nimemtengeneza mimi, na nzi.

Tangu asubuhi watu wanarudisha vyombo. Hawaingii. Wanaviacha getini, vingine havijaoshwa, wanaondoka haraka. Yule mwenye duka la nguo, aliyekuwa anaagiza kila siku, alituma mtu kusema hataki tena, wala asipigiwe.

Nesi alikuja ukutani. Ameongea na mwenzake aliye zamu hospitali. Anasema ukumbini kwa mafundi Jumatano maji ya bomba yalikatika, wakaletewa maji kwa gari, pipa zima, wakanywa. Nikamuuliza, pipa limepimwa? Akasema, nani apime pipa, wakati kuna mwanamke anayepika nyumbani?

Nikaona basi. Nikaenda kwa binti, alikuwa anasugua sufuria iliyokwisha kutakata. Nikamwambia, mwanangu, lile kopo la Jumatano nililila mimi. Ulilolitoa jana ni bakuli langu.

Hakugeuka. Akasema: Baba, leo si siku ya mizaha yako.

Nikasema nasema kweli. Akasema: Jumanne ulikufa. Mwezi uliopita ulimwambia mwenye nyumba kwamba nimeolewa na askari. Najua unataka kujitwika ili nipone. Ahsante. Nenda ukapumzike.

Nikaapa. Akasema, hata Jumanne ungeapa.

Akaendelea kusugua. Sauti ile ya waya kwenye sufuria naisikia mpaka sasa.

Jumapili, 9 Machi

Ameingia chumbani kwangu asubuhi bila kubisha. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono mapajani, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Akaniuliza: Baba, Jumatano ile shingo uliila?

Nikasema, niliinyonya, nikairudisha.

Uliirudisha wapi?

Nikamwambia yote. Redio. Jua. Nzi. Chungu cha maua. Alinisikiliza hadi mwisho, na sikutia chumvi mahali popote. Kisha akasema, taratibu, kwamba alipotoa kopo Ijumaa aliona shingo ndani yake. Akajiambia macho yamechoka. Yeye hawawekei wateja shingo. Amelala siku mbili na hiyo shingo kichwani.

Nilitegemea anipige. Wallahi ningeinama apate pa kupigia. Badala yake akauliza: Tumbo?

Zima, nikasema.

Akafunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, kumbe anacheka, halafu nikaona ni vyote viwili. Akasema, kwa hiyo kuku wangu alikuwa mzuri. Nikasema alikuwa mzuri mno, mwanangu, ndiyo sababu tumefika hapa.

Nikavaa viatu. Nikamwambia twende kwa Bwana Kofia sasa hivi, nimwambie, anipime mimi badala ya kopo. Akanishika mkono akanirudisha kitandani. Ana nguvu, huyu. Ni kwa ajili ya kukanda unga.

Akasema: Fikiri, baba. Nikienda kusema hayo, nasema mtu asiyepimwa anaingia jikoni kwangu nikiwa sipo. Nasema ushahidi umebadilishwa nyumbani kwangu, na mimi nikautia sahihi. Nani ataamini kwamba ni njaa? Watasema tulijua tumeua, tukaficha. Na yule mjamzito akipatwa na jambo, hawatatuma mtu wa afya. Watatuma polisi, na atakayechukuliwa ni wewe. Na presha yako. Sakafuni mwa seli. Hapana.

Na wewe je?

Mimi watasema nilipika vibaya. Bora waseme nilipika vibaya.

Alisema hivyo akiangalia ule ubao. Mimi namjua mtoto huyu. Akiwa bado ananifika gotini, alilia siku nzima kwa sababu nilisema uji wake una mabonge.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kupika, na hakuna kilichopikwa. Nimeweka pua kwenye ubao. Harufu ya sabuni tu.

Nesi anasema yule mwanamke bado yuko kwenye dripu, na leo amehamishiwa chumba cha wagonjwa wa kuangaliwa kwa karibu. Hakusema zaidi. Nesi akinyamaza, mimi huogopa. Meneja alikuwa amekaa juu ya ukuta anaangalia jiko letu, haelewi kwa nini moshi hakuna.

Simu imelia mara moja. Majibu yametoka. Bwana Kofia atakuja kesho na mwenzake. Binti alimuuliza yanasema nini. Akasema, tutaongea tukifika.

Jioni ameniletea chakula. Wali na kunde. Nikatia kijiko mdomoni — amekitia chumvi. Chumvi kamili, kama ya watu. Aliweka sinia, akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi, akatoka.

Sijaweza kumeza. Ile chumvi nimeitafuta miezi na miezi, leo imenikaa kooni kama mwiba.

Jumanne, 11 Machi

Amenifungia.

Nilidhani ananitania, na ingekuwa haki yake. Aliniletea chai, akasema: Baba, leo nakuomba kitu kimoja katika maisha yako. Usiseme neno. Nikamwambia nitajaribu, lakini ulimi huu si wangu peke yangu, una mambo yake. Akatabasamu. Akatoka. Nikasikia ufunguo unazunguka kwa nje. Nikaita. Akasema kupitia mlango: Nisamehe baba, na miguu yake ikaondoka.

Kwa hiyo milango yangu yote miwili sasa imekwisha. Nimevuta kiti mpaka kwenye ubao. Naandika sikio likiwa limeegemea, ndiyo maana mwandiko umelala.

Gari limesimama. Milango miwili imefungwa, wa kwanza, wa pili.

Wameingia jikoni. Bwana Kofia, sauti yake ninaijua. Mwingine ana sauti nzito na viatu vizito, mtu wa afya havai viatu vya namna hiyo. Binti amewapa viti. Hawajakaa.

Bwana Kofia anasoma. Maneno marefu, ya kimaabara. Nimeshika machache: vijidudu, kiasi kikubwa, uchafu wa mikono, chakula kilikaa kwenye joto. Anasema katika kazi yake yote hajaona kopo chafu kama hilo. Anasema: Mama, nilikwambia kopo halilii.

Binti anasema: Nimesikia.

Vile viatu vizito vinauliza kama yule mjamzito anamfahamu. Binti anasema anamfahamu, huwa anaomba aongezewe ndimu. Viatu vinasema, bado hajafumbua macho.

Bwana Kofia anauliza, taratibu, kama anayemwekea mtu ngazi: Je, kuna mtu mwingine yeyote anayeingia jiko hili? Mtu yeyote. Fikiri kabla ya kujibu.

Hakufikiri. Amesema: Hapana. Ni mimi peke yangu.

Kwa hiyo uchafu huu ni wako.

Ni wangu.

Nasikia karatasi inawekwa mezani. Nasikia wanatafuta kalamu. Tumbo langu limetulia. Halijawahi kuwa zima hivi tangu nizaliwe, na limefungiwa hapa na ubao wa seremala asiyejua hata kupiga randa.

Sijaongea. Niliahidi nitajaribu, na sijaongea neno. Nimegonga tu. Kwa bakora, mara moja, katikati ya ubao.

Viatu vizito: Nini hicho?

Binti, haraka: Ni paka.

Bwana Kofia anasema, neno kwa neno: Paka. Nyumba hii ina paka?

Mwanangu hajui kudanganya, hajawahi kujua, amerithi kwa mama yake. Nasikia pumzi yake kutoka hapa. Viatu vizito vinakuja upande wa ubao. Vimesimama mbele yangu, tumeachana kwa unene wa kidole.

Nainua bakora tena.